Kibodi ya Mama Restuta

Nickolaus hutengeneza redio hapa Ifakara, baraza moja na cherehani yangu, na ningesema ni fundi mtulivu kama isingekuwa ile kibodi. Kibodi ya kompyuta, tena ya kuokota, ilitaka kututoa roho sote wawili.

Mama yake, Mama Restuta, alipigwa kiharusi msimu wa kupanda mpunga. Mkono wa kushoto ulibaki, akili ilibaki, sauti ikaondoka. Nickolaus akaapa kumpa sauti nyingine. Angechukua sakiti ya ndani ya kibodi, aiunge kwa waya na vitufe vinne vya vizibo vya soda juu ya ubao, kisha aichomeke kwenye simu ya zamani. Mama akibonyeza, simu iseme.

Kusema ni rahisi. Zile karatasi za plastiki za ndani, zenye mistari ya kumwonyesha waya upi uende wapi, zilikuwa chafu. Akaziosha, akazianika kwenye turubai kando ya mpunga, kama tunavyoanika kila kitu huku. Jua likazikunja zote, hazifai tena. Akatafuta kibodi nyingine. Safari hii lehemu ikakataa kushika, kila waya aliochomea ukachomoka.

"Dada, mimi nakata tamaa."

"Kata basi, tupumzike," nikamjibu, maana moshi wake ulikuwa umenichosha.

Hakukata. Akaishia kuzibana zile nyaya kwa skrubu na vipande vya kandambili, na kitu kikakubali. Tukakipeleka Lumemo, kwa mama. "Maji," simu ikasema kwa sauti ya Nickolaus. "Chakula." "Chooni." "Naumwa." Mama akajaribu vyote, kisha akausukuma ubao pembeni. Kesho yake vivyo hivyo.

"Nimehangaika yote haya, mama! Kwani unataka nini?"

Mama akageukia ukutani. Nickolaus akatoka nje akapiga teke ndoo.

Jumapili nikapita kumjulia hali. "Shikamoo, mama."

Mkono wake ukauvuta ubao haraka. "Maji." Akatikisa kichwa. "Chooni." "Naumwa." "Chakula." Akarudia vyote kwa nguvu, akinikazia macho, machozi yakimtoka, na mimi nimesimama mlangoni na salamu yangu mkononi.

"Nickolaus!" nikaita kwa hasira. "Umemwekea kila kitu, marahaba umeiacha wapi?"

Alifuta "Naumwa", akaniomba niirekodi marahaba mimi, iwe sauti ya kike. Kisha akasimama mbele ya kitanda. Tangu kiharusi alikuwa ameacha kumwamkia mama yake, akiona ni kumtesa mtu asiyeweza kuitikia.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama kwanza, kwa muda mrefu, kama anayemsubiri amalize kukosea.

"Marahaba," simu ikasema.

Akabonyeza tena. Na tena, mpaka chaji ikaisha.