Giaboksi Mbili za Kismayo

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya Halima, binti wa mama yangu mdogo, ambaye ni mkunga kisiwani Kudha, kusini mwa Somalia. Alinipigia simu akaniambia kuwa pikapu inayowapeleka wazazi, wanawake wanaokwenda kujifungua, hospitali ya Kismayo haipandi tena mchanga. Kwa bahari ni saa nyingi za kurushwa na mawimbi, kwa hiyo huwavusha hadi ufuo wa bara, na gari huwachukua hapo. Mwezi uliopita lilizama mchangani, mwanamke akajifungua pembeni mwa gurudumu. Mungu aliwanusuru wote wawili.

Mimi ni fundi magari. Baba na mama walikimbia kutoka kisiwa cha Chula kabla sijazaliwa, nami sikuwahi kukanyaga upande ule. Mama alinikatalia siku tatu. Ya nne akanifungia mkate wa mofa.

Kiunga nilipata boti la fiba lenye shehena ya unga. Ras Kamboni askari waliumwaga mfuko wangu wa spana, wakauliza kila moja ni ya nini. Niliwajibu kwa Kisomali cha mama, wakacheka lafudhi yangu, wakaniachia.

Saa tano tulitia nanga Chula kushusha unga. Wanawake waliokuwa wakianika papa waliniuliza mimi ni mchu wa nani, yaani mtu wa ukoo gani. Nilipotaja jina la babu, mmoja aliacha kazi yake akanipeleka kwenye kisima chao. Nilikunywa. Maji yalikuwa na chumvi kidogo.

Kismayo nilipokelewa na Abdi, mwenye gereji ambako pikapu ya Halima ilikuwa imevutwa. Tulifungua transfa, lile kasha la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Meno ya gia ya nguvu, ile ndogo ya kupandia mchanga, yalikuwa yamekatika. Spea haikuwapo mjini, lakini Abdi alimjua mjane mmoja, Bi Esha, mwenye pikapu ya aina ileile. Tangu mumewe afariki, miaka miwili sasa, ilikuwa imesimama uani kwake. Alikuwa amekubali kutoa transfa, basi.

Kesho yake tuliishusha, tukakuta meno ya shafti hayalingani. Gari moja lilikuwa la zamani kuliko jingine. Transfa ile haikuweza kuhama peke yake, ilibidi giaboksi yake iifuate, na klachi, na propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni. Abdi alinishauri nisimwambie. Sikuweza.

Bi Esha alisikiliza, kisha akauliza, "Nami nibaki na bati?"

Nilimweleza kuwa giaboksi ya Halima ni nzima, na transfa yake bado inavuta magurudumu ya nyuma. Ningemfungia hiyo. Gari lake lingetembea mjini vizuri, ila lisingeingia tena mchangani, na hilo sikutaka alijue nikiwa nimeshaondoka. Nikamwahidi lake litatangulia kufungwa.

"Marehemu ndiye aliyependa mchanga," alisema. "Fungueni."

Siku ya pili, alasiri, giaboksi zote mbili zikiwa sakafuni, Halima alipiga simu. Mzazi mmoja, mtoto amekaa vibaya tumboni, na kesho adhuhuri atakuwa ufuoni. Niliishika simu ile nikiona haya, maana ahadi yangu ilikuwa kwa mwingine. Nilikwenda kwa Bi Esha nikamweleza.

"Anza na ya kule," alisema. "Yangu imezoea kungoja."

Tulifanya kazi hadi adhana ya isha. Tulitoboa upya matundu ya chuma kinachobeba giaboksi, kwa kuwa yalipishana kwa upana wa kidole. Alfajiri tuliondoka, Abdi akiendesha. Penye mchanga mzito alisimama, akavuta gia ya nguvu. Niliisikia ikiingia, magurudumu ya mbele yakakamata. Abdi alinigonga goti.

Adhuhuri tuliwakuta ufuoni. Halima alikaa nyuma na mzazi kwenye godoro, na kabla jua halijatua tulikuwa mlangoni mwa hospitali. Alizaliwa msichana, kwa upasuaji, naye akalia.

Nilibaki siku mbili nikamfungia Bi Esha lake. Nilipoliwasha alikaa kiti cha abiria, akafunga mlango, akaniambia nizunguke mji. Tulizunguka mara tatu. Siku ile ile alianza kutafuta dereva.

Nyumbani nilikuwa nikisema "kwetu" kwa mazoea tu, kama atajaye babu asiyepata kumwona. Safari imenifunza kuwa kwetu kuna wachu wenye kazi ya kufanya leo. Sasa nikisema neno hilo, najua barabara yake ina mchanga wapi, na itakiwayo ni gia gani.