Mashine ya Rafiki Yake Mjomba

Mjomba wangu ni dobi, na vidole vyake vimekunjamana na kupauka kama vitu vilivyosahauliwa kwenye beseni. Kila shati akimaliza kulipiga pasi hulinusa, hulikung'uta mara moja, halafu hupitisha kidole gumba ndani ya kola. Siku hizi kidole hicho hukawia pale. Maji ya bomba letu ni magumu, sabuni haitoi povu, na mashati meupe ya wateja yanatoka yamekakamaa, rangi ya majivu. Wakilalamika, mjomba husingizia sabuni huku akitazama sakafu.

Jana nilimsindikiza kununua mashine ya kulainisha maji. Sauti yake, ambayo nyumbani husikika mpaka kwa jirani, dukani ilikuwa ya kunong'ona. “Si yangu. Ni ya rafiki yangu, ana nyumba ndogo.”

Dada muuzaji akamwonyesha ndogo ya kukaa chini ya sinki. “Inatumia chumvi.”

“Jamani, nguo tuzile?”

“Chumvi inabaki kwenye mashine, mzee. Ila huyo rafiki yako anafua za nyumbani tu? Kama anafulia watu pia, hii haimtoshi.”

Mkono wa mjomba ukaja taratibu shingoni kwangu, ukaikunjia ndani ya sweta kola ya shati langu la shule lililoingia rangi ya majivu, alilolifua mwenyewe.

“Anafulia watu,” akasema. “Nipe kubwa kidogo, ila iingie nyuma ya mlango.”

Dada akaitazama sweta yangu, kisha akaanza kufunga boksi. “Mwambie mashati yatatoka meupe.”

“Nitamwambia,” akajibu mjomba, mkono wake bado uko shingoni kwangu.