Binti wa Mikate na Mguu wa Bibi

Mwaka unapokaribia kuisha, kwenye kundi letu la wapenda magemu watu hutajiana gemu lenye hadithi nzuri kuliko yote waliyocheza. Mwaka huu niliandika jibu langu nikalifuta. Nikaandika tena, nikabadilisha mkato kuwa nukta, nikafuta. Ndivyo nilivyo. Hata meseji ya kumwambia mama chumvi imeisha naisoma mara kadhaa kabla ya kuituma. Lakini safari hii tatizo halikuwa nukta. Gemu nililolipenda kuliko yote nililicheza na bibi yangu, na bibi hayupo, na sijui namna ya kulisifu bila kumtaja.

Bibi aliletwa kwetu Bweri kutoka Butiama masika yakiisha, akiwa na kidonda kwenye unyayo. Ana sukari. Alikuwa nayo, niseme. Alikanyaga kisiki shambani, hakusikia maumivu, akaendelea kupalilia mpaka kandambili ikawa inateleza kwa damu. Daktari wa hapa Musoma alisema kidonda kisafishwe, mguu usikanyage chini, na asirudi shamba mpaka kifunge kabisa. Akirudi mapema, alimwambia mama, mguu utakatwa, na kwa umri wake huenda asivumilie kukatwa.

Mama anauza dagaa sokoni, hawezi kushinda nyumbani. Mimi ndiye ninayeshinda ndani. Nachora kadi za harusi na mabango kwenye laptopu kwa ajili ya duka moja la Iringo, kazi niliyojifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza Kiingereza mwenyewe kwa kusimamisha gemu kila sentensi na kutafuta neno kwenye simu. Basi mama akaniambia, "Baba, kazi yako ni moja tu. Bibi yako asiondoke."

Haikuwa kazi ndogo. Kila asubuhi nilimkuta amefunga vitu vyake kwenye kanga, amekaa kitandani kama mtu anayesubiri gari.

"Kuku wangu nani anawafungia?"

"Jirani, bibi."

"Jirani anawapendaga kuku wangu kuliko anavyonipenda mimi. Nipeleke nyumbani, mume wangu."

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na mjukuu hana budi kutaniwa. Alinitania sana. Akiona nimekaa kwenye laptopu mchana kutwa, alimwambia nesi aliyekuja kumfunga kidonda, "Unamwona mume niliyepewa? Halimi, havui, anakodolea kioo. Ningejua ningebaki mjane."

Siku moja aliacha kutania akauliza, "Hao watu humo ndani wanasemaga nini?"

Lilikuwa gemu la mji wa mbali ambako theluji haiachi kuanguka. Watu wanahama kwa treni, na kuna binti mmoja anayebaki akioka mikate katika duka la marehemu baba yake. Hakuna bunduki. Unatembea, unaongea na watu, unachagua maneno ya kusema, na maneno yako ndiyo yanayobadilisha mwisho. Nilimgeuzia bibi kioo nikaanza kumtafsiria.

"Hiyo nyeupe ni chumvi?"

"Ni barafu, bibi. Kama ya kwenye friji."

"Mji mzima uko kwenye friji?" Alicheka mpaka akashika mguu. Kisha akauliza swali lililokuja kunitesa. "Huyu binti ni wa nani?"

Nilisema sijui. Akanitazama kwa huruma. Kwetu mtu haingii kwenye mazungumzo kabla hajajulikana ni wa ukoo gani na mnyama gani ni mwiko kwao. Bila hilo ni upepo tu. "Mtu humjui ni wa nani, utajuaje anafanya vizuri au vibaya?" aliniuliza. Basi nikampa binti wa mikate ukoo wa pundamilia. Stesheni masta nikampa wa chui. Mwanamke mkorofi wa ghorofani nikampa ukoo wa fisi, na bibi akasema hata asingeambiwa angejua.

Kuanzia hapo kanga haikufungwa tena asubuhi. Nesi akiondoka tu, bibi alisema, "Washa." Na kidonda kilianza kupungua. Nilikuwa na furaha ambayo ilinitia hofu, kwa sababu mimi nikiwa na kitu kizuri hukaa nikifikiria nitakavyokiharibu. Kabla bibi hajaamka nilicheza kipande cha siku hiyo peke yangu, nikitafuta maneno ya Kiswahili yanayofaa, ili asinisikie nikibabaika. Nilikariri koo zote. Sikutaka kukosea.

Nilikosea. Fundi wa treni alipoingia kwenye hadithi, umeme ulikuwa umekatika na chaji ya laptopu ilikuwa inakwisha. Bibi akauliza huyu ni wa nani, nami kwa haraka nikasema pundamilia. Hadithi iliendelea, fundi akawa anakuja dukani kila jioni kununua mkate asioula, na mimi nilishaona inakoelekea, nikafurahi, kwa sababu nilitaka binti yule apate mtu. Siku waliposhikana mikono kwenye theluji, bibi alipiga kelele.

"Eeh! Mume wangu! Hao ni ndugu!"

Nikajaribu kusema nilikosea, fundi ni wa ukoo mwingine.

"Ukoo si shati, useme asubuhi ulivaa la kaka yako kwa bahati mbaya. Ulimtaja, nikamsikia." Akageukia ukutani. "Zima. Siwezi kutazama mambo hayo, tena nimekaa na mjukuu."

Nilimfungulia gemu jingine, la mzee anayesafiri na punda wake. Akakataa. Jambo la ukoo, alisema, haliachwi katikati watu wakaenda kucheka kwingine. Kesho yake kanga ilikuwa imefungwa.

Ningeweza kumwambia maneno tofauti na yaliyoandikwa kwenye kioo. Hakujua Kiingereza. Ningesema wameposana na watu wengine, au fundi amegundulika kuwa mtoto wa kulea, na pale pale kitandani akanisamehe. Lakini alikuwa anaona nyuso zao, na mimi siwezi kusema uongo juu ya kitu kinachoonekana. Nilitafuta namna ya kulitengeneza ndani ya gemu lenyewe. Ipo njia moja: pale stesheni binti akichagua kunyamaza, fundi anapanda treni peke yake. Ni mwisho ambao wachezaji wote wanaukwepa. Niliurudia peke yangu mpaka nikawa na maneno ya kila kituo, mpaka nikaweza kuusema bila sauti kukatika.

Nikamwonyesha. Treni iliondoka taratibu, binti akarudi dukani akawasha jiko. Bibi alitazama mpaka majina ya waliotengeneza gemu yakapita yote.

"Kijana amekwenda wapi?"

"Kwao. Kwa mama yake."

"Na binti?"

"Amebaki kwa baba yake. Dukani."

"Vizuri. Kila mtu kwao." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Bado mimi."

Mama aliporudi kutoka sokoni, bibi alimpa habari kama kesi iliyokwisha kuamuliwa. "Hata watu wa kwenye mashine wamerudi kwao. Mimi nimekosa nini?"

Mama alicheka. Kisha akaona kuwa mama yake hachezi. Akaufungua mguu. Kidonda kilikuwa kimebaki kidogo, chekundu katikati, safi pembeni. Akasema pale Butiama kuna zahanati, wanaweza kumfunga kidonda huko. Nikamkumbusha kuwa daktari alisema mpaka kifunge kabisa.

"Nimesikia, baba. Lakini huyu ni mama yangu, si mfungwa."

Bibi akarudi Butiama, akakaa kwake bila kukanyaga chini kwa muda. Halafu, jirani alitusimulia, bibi aliona mihogo yake inaliwa na nguruwe pori, akaingia shambani na kandambili, kwenda kuangalia tu. Tulipopigiwa simu alikuwa ameshapelekwa hospitali Bunda, ambako mjomba anaishi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Madaktari walisema wakate, naye akakubali, jambo lililotutisha kuliko kama angekataa, lakini homa ilikuwa juu na walisubiri ishuke.

Nilikaa naye mchana. Mikono yangu nilikuwa naiosha kila mara kwenye bomba la wodi, sijui kwa nini, yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Akafungua macho.

"Yule binti anauza mikate bado?"

"Bado, bibi."

"Anamuuzia nani? Watu si walihama wote?"

Gemu halionyeshi. Linaishia kwenye jiko linalowaka, na duka halina mtu. Mimi ninayerudia sentensi mpaka iwe kamili sikuwa na sentensi.

"Wanakuja," nikasema. "Wanapanga foleni mpaka nje."

"Kwenye baridi hiyo?"

"Wamevaa makoti."

"Aah." Akafumba macho. Homa haikushuka.

Tulimzika Butiama, pembeni ya babu. Wake za binamu zangu walinifuata na vikombe vya uji wakiniita mjane. "Mjane, kunywa, bado kijana, utaoa tena." Nilijua ni utani wa msiba na kwamba bibi angeucheka. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika uji wote.

Baada ya matanga tulirudi Bweri. Mama alikuwa uani anachambua dagaa, anatoa mawe na vikonokono. Nikakaa karibu yake nikachambua pia, na nikamweleza jambo ambalo hakulijua: koo nilizotunga, kosa langu kuhusu fundi, na kwamba kulikuwa na mwisho mwingine ambamo wale wawili wanaoana na kubaki dukani. Nikamwambia kama ningemdanganya bibi mapema, angekuwa bado anauliza habari zao, na mguu ungepona.

Mama aliendelea kuchambua.

"Wangeoana," alisema, "angesema basi, harusi imekwisha, nipelekeni nyumbani."

Nilicheka, kwa sababu nilimsikia bibi akisema hivyo hivyo. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Na mzigo wa safari nilimfungia mimi," akasema. "Aliniambia nikaze fundo, nikakaza."

Tuliendelea kuchambua dagaa. Alinionyesha kuwa ninatupa hata wazima, nikaanza kuwaokota chini mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye ungo.