Gobore la Mume Wangu

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Msimu ule mpunga wetu ulistawi vizuri, na nguruwe pori wa bonde la Kilombero walifurahi sana. Walikuwa wageni wenye adabu. Hawakumaliza shamba kwa siku moja. Walianzia upande wa mtoni, wakawa wanasogea taratibu kuelekea nyumbani, kama watu wanaojua hakuna atakayewasumbua. Mimi nilipiga debe kuwafukuza hadi mikono ikafa ganzi. Mume wangu alikuwa na mpango mkubwa zaidi: angetengeneza gobore.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala pale Ifakara. Kalamu aliishika vizuri sana. Lakini baba yake, kule Kiberege, alikuwa fundi wa chuma aliyejulikana hadi Chita kwa magobore yake, yale ya kushindilia baruti na goroli kupitia mdomo wa mtutu. Kibali chake cha serikali alikihifadhi ndani ya kitabu cha sala. Basi mume wangu aliamini kwamba ufundi ule ameurithi, kama alivyorithi pua.

"Kwa nini usimwombe Baba akutengenezee?" nilimuuliza.

"Mke wangu, kitu kama hiki mwanamume anakitengeneza kwa mkono wake mwenyewe."

"Na mpunga?"

"Mpunga utasubiri."

Mpunga ulisubiri. Nguruwe ndio hawakusubiri.

Alianza na kitako. Alitafuta kipande cha mninga, akakichonga kila Jumamosi, na Jumapili baada ya Misa. Alichonga maua. Alichonga kichwa cha nyati, kikatoka mbuzi, akasema ni nyati mchanga. Akakisugua kwa mafuta yangu ya kupikia, nasi tukala mboga za kuchemsha kwa ajili ya usalama wa shamba. Majirani walikuja kutazama. Kila mmoja alikishika kile kitako, akafumba jicho moja, akawalenga kuku wangu, akasema, "Aisee, hii ni silaha!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtutu uko wapi. Mimi nilipewa heshima ya kuwapikia chai.

Nisiwe mwongo, kilikuwa kizuri. Siku moja yeye akiwa kazini nilikipapasa kile kitako, laini kama shavu la mtoto mchanga, nikakasirika zaidi. Kitu cha upuuzi kina haki gani ya kupendeza namna ile?

Mtutu ulimchukua alasiri moja tu. Alipata bomba kwenye pampu ya zamani, akalipiga msasa likang'aa, akalifunga kwenye kitako pamoja na kifyatuo. Kisha akamwita baba yake aje kustaajabu.

Baba mkwe alifika na baiskeli Jumamosi asubuhi, baruti akiwa nayo.

"Shikamoo, Baba," mume wangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi hilo gobore?"

Alilitazama muda mrefu. Alisifu maua. Kuhusu nyati hakusema neno. Kisha akagongagonga mtutu kwa ukucha.

"Bomba hili lilikuwa la nini?"

"La maji, Baba," mume wangu akajibu.

"Lingeendelea na maji."

Tulikwenda shambani, akalishindilia, akalifunga kwa kamba kwenye kisiki, akafunga kamba nyingine ndefu kwenye kifyatuo. Akatuambia tujifiche nyuma ya kichuguu.

"Baba, nitalipiga begani kwangu," mume wangu akalalamika. "Watu watatuonaje?"

"Watakuona mzima. Inama."

Akavuta kamba. Nilisikia mlio mmoja mkubwa, kisha nikaona moshi tu. Tuliposogea, mtutu ulikuwa umechanuka kama ua. Kitako kilikuwa vipande viwili. Kipande cha chuma kilikuwa kimejikita ndani ya kisiki, mahali ambapo mtu angeweka shavu. Mume wangu alikitazama, akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya ofisini.

Baba mkwe alichuchumaa mbele yake, akamwonyesha mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo. Ukoo mzima tulijua kisa chake: mamba wa mto Kilombero. Tulishasimuliwa hata siku ya harusi yetu, mamba akirefuka kila baada ya kikombe cha pombe.

"Hakuna mamba," akasema kwa sauti ndogo. "Ni gobore langu la kwanza. Mimi hakuna aliyenifungia langu kwenye kisiki."

Mume wangu alilia. Mimi niliyekuwa nimeandaa maneno makali tangu wiki ya kwanza, nikabaki kumpangusa matope.

Mzee alikaa kwetu hadi mavuno. Yeye alifua mtutu, mwanawe akachonga kitako kipya, safari hii bila mnyama yeyote. Gobore lilikamilika wakati nilipokuwa nimeshavuna kile nilichoachiwa na nguruwe. Tukalipeleka kuandikishwa, na ofisa wa kuandikisha silaha naye alifumba jicho moja, akaulenga mlango wake mwenyewe kwa furaha.

Msimu uliofuata mume wangu alipiga nguruwe mmoja, mzee kiasi kwamba nadhani alikuwa amekuja kufa. Nilichemsha nyama ile tangu asubuhi. Baba mkwe alikuja, akatafuna, akapumzika, akatafuna tena.

"Laini," akamwambia mwanawe.

"Laini sana, Baba," nikaitikia.