Tulivyoposa Kindi Nyegina

Siku ya kwanza kazini, pale ofisi ya utafiti wa wanyama Musoma, nilifika na mtego wa waya niliousuka mwenyewe. Mtafiti Mkuu akautazama kama samaki wa juzi.

"Rudisha nyumbani huo. Hatutaki kindi, tunataka nywele zake."

Akanipa kipande cha bomba la plastiki. Juu kwa ndani unabandika utepe wa gundi, katikati unaweka karanga. Kindi akipita kula, nywele za mgongo zinabaki. Kwenye shina la unywele mna vinasaba, yaani urithi wa baba na mama unaomtofautisha kila mnyama na mwenzake.

Nilipohamishiwa Bunda nikajifunza kutoamini macho. Bahasha nilizopeleka maabara zilijaa nywele, nikashangilia wingi wa kindi. Maabara ikajibu kuwa ni walewale, wanarudia karanga. Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili, hata kuku wa jirani.

Kisha Butiama. Kwenye eneo la Mwitongo kulikuwa na kilima chenye miti, kimezungukwa na mashamba pande zote. Kindi wa pale hawakuwa na pa kutokea, wala mgeni hakuwa na pa kuingilia. Vinasaba vilionyesha wote ni ndugu, wanazaana wenyewe kwa wenyewe, na watoto walikuwa wanakufa tunduni.

"Bila damu mpya," alisema Mtafiti Mkuu, "kilima hiki kitabaki na tumbili tu."

Damu hiyo tuliipata Nyegina, kwenye miti iliyopakana na shamba la Bibi Nyangeta. Kibali tulikuwa nacho, lakini njia ilipita kwake.

"Hao wezi wanakulaga karanga zangu," akatuambia. "Bebeni wote!"

Hapo biashara ilikuwa imekwisha. Lakini bosi wangu, msomi asiyejua soko, akaruka kwa furaha: "Bibi, hujui walivyo wa thamani!"

Nikamkanyaga mguu, nikachelewa. Bibi alikuwa ameshavuta kigoda.

"Kumbe? Basi hao ni mabinti zangu. Mnaposa au mnaiba? Nataka ng'ombe."

"Bibi, binti mwizi wa karanga anatolewa ng'ombe kweli?"

"Na nyie mbona mmemfuata mwizi toka Butiama?"

Tulivutana mpaka uji ukapoa. Mwisho akashusha: "Wakizaa, uje mwenyewe kuniambia, na jogoo mkononi. Wakifa, nisikuone tena hapa."

Tukachukua majike wawili. Niliwatundikia viota vya mbao kilimani, nikarudisha mabomba, nikangoja. Mvua zikaja zikaisha. Kila bahasha niliyopeleka Musoma ilirudi na jibu lilelile: wale majike wawili, na waliobaki ndugu, ndugu, ndugu. Nikaanza kuikwepa barabara ya Nyegina.

Asubuhi moja Mtafiti Mkuu akapiga simu, anapiga kelele kama mchuuzi wa dagaa: "Mama wa Nyegina, baba wa Mwitongo! Wachanga wazima, wanatembea wenyewe!"

Niliwaomba watu wa maabara wapime tena. Wakapima. Ndipo nikanunua jogoo, nikapanda bodaboda.

Bibi Nyangeta akampima jogoo kwa mkono, akamnyanyua tena. "Mwepesi huyu. Wajukuu wangapi?"

"Watatu. Nimehesabu mara mbili."

"Basi bado jogoo wawili."

Leo nimestaafu. Kindi wa Mwitongo wana vitukuu, na vijana wa ofisi wameshapewa mabomba yote. Kazi ya jogoo sikumkabidhi mtu. Kila uzao mpya napeleka jogoo mwenyewe Nyegina, na katika maisha yangu yote ya kubishana bei, hii ndiyo bei pekee ninayoiombea izidi kupanda.