Rashi na Matobolwa ya Bibi

Siku mbili nimekaa kwenye basi kutoka Chunya, miguu imevimba, na nilipoteremka stendi ya Shinyanga kitu cha kwanza kukisikia ni lile neno. Vijana wawili wenye mabegi mgongoni walikuwa wakimhimiza mwenzao: kuna rashi upande wa Geita, usipowahi utakuta mashimo yote yana wenyewe. Nikacheka peke yangu. Kisha nikanunua mfuko mdogo wa matobolwa, nikatafuna kipande kimoja, kicheko kikaisha.

Kama hukulelewa kwetu Didia, rafiki yangu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke kama mbao. Bibi aliyaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba, nami nikifukuza mbuzi. Kwake yalikuwa pia kipimo cha safari. Anayekwenda mnadani alifungiwa konzi moja. Anayekwenda hospitali ya Kolandoto kuuguza, kikapu. Gunia zima alipewa anayehama tu. Alikuwa akisema: anayerudi hufungiwa cha njiani, asiyerudi hufungiwa cha kuanzia.

Baba aliposema anakwenda rashi, bibi alikwama, hakujua apime nini. Neno halikuwa Kisukuma, na Kiswahili chenyewe kwake kilikuwa cha kuazima. Akanituma kwa mwalimu, jirani yetu. Mwalimu akafungua kamusi, akaniambia ni Kiingereza, maana yake kwenda kwa haraka. Nikarudi mbio na jibu, na bibi akafunga konzi mbili.

"Mayu, haya si yataisha kabla sijafika Geita?" baba akamtania mama yake.

"Si una haraka wewe? Utarudi kwa haraka hiyo hiyo."

Mvua zikaja, zikaisha, baba hajarudi. Mchimbaji mmoja aliyekuja kumsalimia mama yake ndiye aliyetuambia wao wanavyolitumia. Shimo, wao huliita duara, likitema dhahabu, habari husambaa na watu humiminika. Hiyo ndiyo rashi. Likikauka, husikika jingine mbali zaidi, wakahamia huko. Yeye alimwona baba Geita, kisha akasikia amehamia mbele zaidi. Bibi akauliza mwisho wake uko wapi. Mchimbaji akakuna kichwa, akasema hajawahi kuuona.

Nilichanganyikiwa. Kamusi ilidanganya, au mimi nilifikisha jibu nusu? Nikamrudia mwalimu, ukurasa ule ule, jibu lile lile: haraka. Mpaka leo sijui haraka gani humchukua mtu miaka yote. Bibi hakunilaumu, ila kila msimu aliongeza matobolwa kwenye kihenge, kana kwamba anafidia zile konzi mbili.

Jana nimefika nyumbani, nimekuta jabali limepasuliwa kokoto. Kihenge hakipo, bibi hayupo. Baba sikumpata, rashi nimezipata nyingi, na sikumbuki ni ipi iliyonifanya niache kumtafuta.

Mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, nilisema nakwenda kumleta baba, nitarudi kabla ya mavuno ya pamba. Niliamini nilichosema. Asubuhi ya kuondoka bibi alienda kwenye kihenge, akarudi akiburuta gunia zima.

"Bibi, hilo si la wanaohama?"

Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, akaivuta mara mbili kuona kama itashika, akanisaidia kujitwika.