Mkojo wa Siku Nzima

Daktari wa figo aliniambia nikusanye mkojo wangu wa siku nzima, tangu alfajiri hadi alfajiri ya pili, nimpelekee siku ya mashine. Damu yangu husafishwa kwa mashine Jumatatu na Alhamisi. Figo zimechoka, lakini kwa rehema za Mungu bado hutoa maji kidogo, na kila asubuhi nameza vidonge vya kuongeza mkojo ili kuzihimiza.

"Vidonge haviponyi figo, mzee," alisema. "Vinakamua kilichobaki. Kama hakuna kilichobaki, nakubebesha dawa bure, nayo inaweza kukuharibia masikio. Itabidi tuiache, na mashine uje mara tatu kwa wiki."

Wanaokuja mara tatu hulala kwenye mashine Ijumaa mchana, saa ya swala. Niliitika tu, nikaondoka na dumu tupu.

Katika chumba cha mashine mkojo ni utajiri. Jirani yangu wa kitanda, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, alipoliona dumu alicheka mpaka sista akamkemea asitikise mkono wenye sindano.

"Mrangi wewe una mali ya kujaza dumu! Mimi chooni naenda kusalimia tu."

Nilianza Jumamosi. Mkojo wa kwanza wa alfajiri niliumwaga, kama nilivyoelekezwa, na baada ya hapo kila tone likaingia dumuni. Tuliliweka bafuni ndani ya ndoo ya maji lisipate joto, tukalifunika kwa mfuko mweusi. Sikutulia. Nikitoka uani, narudi kulitazama.

"Baba, kulitazama hakuliongezi," mke wangu akasema.

Mchana mdogo wangu wa kike akafika kutoka Kondoa kunijulia hali. Baada ya kula nikajilaza. Alasiri nilipokwenda bafuni nikakuta dumu limeanikwa ukutani, limesuguliwa kwa sabuni, linang'aa.

"Nani kaligusa hili?"

"Mimi, kaka," dada akajibu, uso umejaa furaha ya mtu aliyepata thawabu. "Najisi imejazwa kwenye dumu, ndani ya nyumba inayosomwa Kurani! Nikajua ni hawa watoto wenu wa mjini. Nimeimwaga, nimelitwaharisha vizuri."

Mke wangu akashika kiuno. "Wifi, umemwaga figo za kaka yako."

Alipoelezwa, alikaa chini pale pale kwenye saruji. Sikuweza kumgombeza. Tulilelewa chuo kimoja cha Kurani, chini ya fimbo moja, na najisi tulifundishwa kuiondoa kwanza, maswali baadaye.

Ikabaki Jumapili peke yake, kuanza upya alfajiri hadi alfajiri ya Jumatatu. Daktari alikuwa amesema bila kipimo Jumatatu angenipanga mara tatu.

Siku hiyo upepo mkavu uliingia mtaani kwetu Makole na vumbi lake, na nikaanza kulihesabu jasho kuwa mwizi: kila linachochukua, dumu linakosa. Nilimeza vidonge nikasubiri. Kiu ikanipeleka kwenye mtungi. Vikombe viwili vya ziada, nikawaza, na dumu lingejaa. Kata ilikuwa imeshafika mdomoni mke wangu aliponiona.

"Kesho mashine iyavute hayo maji yote, uzimie tena?"

Nikarudisha kata. Alisema kweli. Figo zisizoweza kuyatoa zingeyaacha miguuni na kifuani, na kipimo kisingenufaika chochote.

Nikazunguka uani. Nikakaa, nikasimama. Nikashika tasbihi, kidole kikasahau shanga iliyofuata. Katika swala ya adhuhuri kichwa changu kilikuwa bafuni, Mungu anisamehe. Dada naye aliweka kigoda mlangoni mwa bafu akachambua choroko kutwa nzima. Mtu akikaribia, anamwambia, "Leo kaoge kwa jirani."

Jumatatu sista alipima, akampa daktari karatasi. Daktari akaisoma mpaka chini.

"Mkojo umepungua kuliko mara iliyopita, mzee. Lakini upo. Endelea na vidonge, endelea kuja mara mbili. Tutapima tena."

"Utadumu mpaka lini, daktari?"

"Hilo sijui, mzee wangu."

Nikasema alhamdulillahi, nikaisema kwa moyo. Lakini maneno yale mawili, umepungua na upo, yaliendelea kusukumana kifuani hadi nilipofika kitandani. Sista alikuwa ameshaandaa sindano. Hapo nikahisi haja.

"Nenda, mzee. Nakusubiri."

Nilichuchumaa muda mrefu nikisikiliza. Yakaja matone, yakakoma, yakaja tena. Nilipotoka nikasoma dua ya kutoka chooni ninayoisoma tangu utotoni, ya kumsifu Mungu aliyeniondolea kero na kunipa afya. Miaka yote hutoka mdomoni yenyewe. Safari hii nilipofika kwenye neno afya nilisita, nimeshika kitasa cha mlango, kisha nikalisema.